Muulize Mzee wa Reli: Treni ya uwanja wa ndege, mnamjengea nani?

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kwamba treni nyingi za kwenda uwanja wa ndege zinapangwa kwa kumuangalia mtu ambaye mwisho wa siku hazipandi, kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja za kunipongeza, za kunitukana kistaarabu na moja ya kuniuliza kama nimewahi kupanda ndege kweli. Nimechagua chache, nyingine nimezifupisha maana mnaandika kama mnalipwa kwa neno.

*

Shikamoo Mzee wa Reli. Mimi nasafiri sana kikazi na kitu kinachoniudhi ni treni ya kusimama simama wakati mtu nina ndege ya kuwahi. Kwanini wasijenge treni ya moja kwa moja, mjini mpaka eapoti, dakika 15 umefika? Ukiniambia haiwezekani nitabisha. Mwenye Haraka

Marahaba. Mbona inawezekana, na imeshajengwa mara nyingi tu. London wanayo tangu 1998, inatoka stesheni ya Paddington mpaka Heathrow kwa hizo hizo dakika 15 unazozitaka. Oslo wanayo tangu 1998, Stockholm tangu 1999. Swali langu kwako ni moja, ukishuka hapo Paddington ndo umefika? Maana hakuna mtu anayeishi Paddington stesheni. Unakwenda nyumbani, ofisini, hotelini, kwa shangazi, na hapo unaanza upya, unaburuta begi, unatafuta laini nyingine, unangoja.

Sasa tufanye hesabu kidogo, usikimbie, ni ya darasa la nne. Chukua treni mbili za kufikirika. Ya kwanza haisimami popote, inatumia dakika 15, lakini inaondoka kila nusu saa. Ya pili inasimama vituo kadhaa, inatumia dakika 25, ila inaondoka kila dakika 8. Mtu anayefika stesheni bila kuangalia ratiba, kwa wastani anangoja nusu ya ule muda wa kati ya treni na treni. Kwahiyo ile ya haraka ni 15 za kungoja na 15 za kusafiri, 30. Ile ya kusimama simama ni 4 za kungoja na 25 za kusafiri, 29. Umeona? Ile inayokuudhi imeshinda kwa dakika moja. Alafu huo ni wastani tu, na mtu mwenye ndege hapangi safari kwa wastani, anapanga kwa mabaya kabisa yanayoweza kutokea. Ukifika mlango unafungwa mbele ya pua yako, ya haraka inakula dakika 45 zako, ya kusimama simama 33. Ukikosa basi la kazini utasemwa na bosi, ukikosa ndege unanunua tiketi upya.

Shanghai ndo mfano ninaoupenda kuliko yote kwasababu pale walikwenda mwisho kabisa wa mwendo. Ile treni yao ya sumaku inayoelea juu ya njia iliwahi kukimbia mpaka kilomita 431 kwa saa, kilomita 30 kwa dakika 7 na nusu hivi, hata chai hujaikoroga. Lakini inakuacha Longyang Road, ambako siyo katikati ya mji, unashuka, unapanda metro, yaani treni ya ndani ya mji, laini ya 2 kuendelea na safari. Na cha kuchekesha ni kwamba hiyo hiyo laini ya 2 nayo inafika uwanjani, kwahiyo kuna watu wengi tu wanaiangalia treni ya sumaku ikiwapita kama risasi wakiwa wamekaa zao kwenye metro, maana hawataki kuhangaika kubadilisha.

Rudi London uone walichojifunza. Metro ya kawaida, Piccadilly, ilifika Heathrow mwaka 1977, polepole lakini inakupeleka mpaka katikati. Alafu ikaja ile ya dakika 15. Alafu mwaka 2022 ikafunguliwa laini ya Elizabeth, ambayo inatoka Heathrow, inapita Paddington bila kukushusha, inaingia handaki chini ya mji na kutokea upande wa pili, inakuteremsha Bond Street, Farringdon, Liverpool Street, popote ulipokuwa unakwenda. Siyo ya haraka kuliko ile ya dakika 15 ukipima Heathrow mpaka Paddington tu. Ukipima mlango wa nyumbani kwa mlango wa ndege, kwa watu wengi ndo inayoshinda, na nauli yake iko chini sana.

Kwahiyo bisha tu, ila bisha ukiwa na saa mkononi, na uanze kuhesabu pale unapofunga mlango wa nyumba yako.

*

Mzee wa Reli habari za kazi. Mimi siyo msafiri, mimi nasafisha ndege. Zamu yangu ya asubuhi inaanza saa 10 alfajiri, treni ya kwanza kwenda uwanjani inaondoka mjini saa 11. Ya usiku natoka saa 7, treni ya mwisho imeshaondoka. Nikiwauliza wanasema laini ni ya abiria wa ndege. Sasa sisi tunaofanya hao abiria waondoke tupande nini? Dada wa Zamu

Dada yangu, barua yako ningeibandika kwenye ukuta wa kila ofisi inayochora reli za eapoti.

Msafiri kama Mwenye Haraka hapo juu, hata awe anasafiri sana namna gani, anakwenda uwanjani labda mara mbili kwa mwezi. Wewe unakwenda na kurudi kila siku ya kazi, mwaka mzima, mvua ikinyesha watalii wasipokuja wewe upo. Heathrow peke yake kuna watu zaidi ya 70,000 wanaofanya kazi pale, huo ni mji, siyo uwanja. Kuna wapakia mizigo, walinzi, wapishi, mafundi, wauza maduka, watu wa uhamiaji, na kila mmoja ni tiketi mbili kwa siku. Mpangaji wa reli anayewasahau hao amejitupia mteja wake wa uhakika dirishani alafu anakaa kulalamika mabehewa hayajai.

Na kuna kitu kingine ambacho wachoraji hawakioni kwasababu wao wanaishi mjini. Wafanyakazi wengi wa uwanja hawaishi katikati ya mji, wanaishi huko huko pembezoni, vituo vitatu vinne kutoka uwanjani. Ile treni isiyosimama inapita juu ya vichwa vyao.

Kuhusu saa za usiku, nikueleze na upande wa pili maana siyo kwamba watu wa reli ni wavivu. Reli inahitaji saa kadhaa bila treni ili mafundi waingie, wakague vyuma, wakaze, wabadilishe kilichochakaa, na hiyo kazi huwezi kuifanya treni zikiwa zinapita. Lakini reli kuhitaji kulala siyo sababu ya kukosa mbinu. Copenhagen metro yao inafika uwanja wa ndege tangu 2007 na inatembea saa 24 kila siku, haina dereva, usiku treni zinapungua tu na matengenezo yanafanyika upande mmoja wa njia huku upande mwingine ukitumika. Ili uweze kufanya hivyo lazima uwe umepanga tangu mwanzo pale treni zinapoweza kuhamia njia ya pili, yaani zile swichi za reli ziwekwe karibu karibu. Ukiziweka mbali mbali kuokoa hela, umeshajifungia mlango wa usiku kwa miaka 50.

Na kama kweli hela ya swichi haipo, basi kuwe na basi la usiku linalofuata njia ile ile, linasimama vituo vile vile, kwa tiketi ile ile. Halihitaji upembuzi yakinifu wa miaka mitatu hilo.

Vancouver ni pengine pa kuangalia. Reli yao ya uwanjani ilifunguliwa 2009, na ukipanda kati ya vituo vilivyopo kwenye kile kisiwa cha uwanja wenyewe hulipi kitu, bure. Anayetoka uwanjani kwenda mjini kwa tiketi ya safari moja anaongezewa dola 5 juu ya nauli, ila mwenye pasi ya mwezi hatozwi hiyo nyongeza. Sasa fikiria mwenye pasi ya mwezi ni nani? Ni wewe dada.

*

Mzee, hawa wataalam wamewahi kusafiri na mtoto? Juzi nimekwama kwenye geti la tiketi, begi limepita mimi nimebaki, geti limefunga, mtoto yuko upande wa begi analia. Nyuma yangu watu wanasonya. Mama Masanduku

Pole sana mama, ila samahani nimecheka, kwasababu yamenikuta. Mimi nilikuwa na begi kubwa moja, dogo moja na boksi la mtu, si unajua ukisafiri kila mtu ana boksi lake la kukutuma. Nikatanguliza begi kubwa kwenye geti, zile fimbo tatu za kuzunguka, begi likaingia nusu likagoma. Nikalivuta, halirudi. Ikabidi nipande juu yake kama mtu anapanda punda, suti na tai, nikashukia upande wa pili. Mlinzi ananiangalia tu. Baadaye akaniambia pole pole, mzee kuna geti pana kule mwisho. Kule mwisho nikaenda kuangalia kwa hasira, lipo kweli, limefungwa kwa mnyororo.

Haya ni mambo madogo kwenye bajeti na makubwa kwenye safari. Geti pana siyo moja la walemavu kule kona, kwenye kituo cha uwanja wa ndege mageti yote yawe mapana, basi. Lifti ziwe mbili, siyo moja, kwasababu lifti moja ikiharibika una lifti sifuri, na lifti zinaharibika. Tena lifti za kuingilia mlango huu na kutokea ule wa mbele ndo nzuri, maana mtu mwenye toroli au kigari cha mtoto hahitaji kugeuka humo ndani. Sakafu ya behewa iwe sawa na sakafu ya jukwaa, usawa kabisa, tairi la begi lisidumbukie. Na ndani ya behewa, sehemu ya mizigo iwekwe pale ambapo mwenye mzigo anauona akiwa amekaa. Ukiweka shelfu la mabegi mlangoni na viti vinaangalia upande mwingine, hakuna atakayeliweka begi lake hapo, watu wote watasimama koridoni wamekumbatia mabegi kama watoto, na wewe utasema abiria hawana nidhamu.

Kitu kingine ni kule mjini, siyo uwanjani. Stesheni ya uwanjani siku hizi nyingi zinajengwa vizuri, marumaru, vioo. Lakini mtu alianzia kituo gani? Alianzia kituo cha zamani huko mtaani chenye ngazi 60 na hakina lifti. Hela ya kupamba upande wa ndege, kata robo yake upeleke lifti kwenye vituo vitano vya mjini vya kubadilishia treni. Hii huwa nikiisema kwenye vikao watu wanaangalia simu zao.

*

Kwanini tiketi ya treni ya uwanja wa ndege ni ghali kuliko treni nyingine, umbali ule ule? Ni wizi au kuna sababu? Mpenda Haki

Sababu ipo, na wakati mwingine inafanana sana na hicho ulichokitaja kwanza.

Mawazo yanakuwa hivi: msafiri wa ndege ana hela, teksi ni ghali, basi tumpige bei iliyo chini kidogo ya teksi. Alafu mara nyingi mradi unajengwa kwa ubia, kampuni binafsi inaweka hela yake, inataka irudi na faida juu. Kwenye makaratasi inakaa vizuri. Sydney walifanya hivyo, laini ikafunguliwa 2000 kabla ya Olimpiki, vituo vikawa vya kampuni binafsi vyenye ada yake juu ya nauli ya kawaida. Abiria waliokadiriwa hawakutokea, na kampuni ikawekwa chini ya mfilisi ndani ya mwaka ule ule. Lakini ngoja, sehemu ya kuuma ni hii: ile ada haikuwa kwa vituo vya uwanja tu, iliwekwa mpaka kwenye vituo viwili vya njiani, Green Square na Mascot, mitaa ya watu wa kawaida wasio na habari na ndege. Yaani mtu anakwenda zake kazini analipa ada ya eapoti kwasababu amepakana nayo. Miaka 11 wamekaa hivyo. Mwaka 2011 serikali ya jimbo ikaamua kuifidia kampuni ili ada ya hivyo vituo viwili ifutwe, na watu wakaanza kumiminika hapo vituoni. Treni zilikuwa zile zile, reli ile ile.

Toronto nao, 2015, wakafungua treni nzuri kabisa dakika 25 mpaka uwanjani, tiketi dola 27.50 za Kanada. Mabehewa yakawa yanatembea na upepo. Hawakukaa mwaka, Machi 2016 wakashusha mpaka dola 12, na abiria wakaja, wakiwemo wa vituo vya katikati wanaokwenda kazini.

Msimamo wangu ni huu, ukitaka nyongeza chukua kwa yule anayetoka au kuingia geti la uwanja wenyewe, mara moja moja, na umwachie mwenye pasi. Vituo vya njiani viwe nauli ya mji kama kawaida. Na usiandike mkataba wa miaka 30 unaosema serikali haitajenga njia nyingine ya kushindana, maana hapo umefunga mikono ya watu ambao bado hawajazaliwa.

*

Mimi ni mwanafunzi wa mipango miji. Je, reli ije kabla ya uwanja au uwanja kwanza? Na kituo kikae wapi hasa? Msomi Mtarajiwa

Ukiweza vije pamoja. Usipoweza, acha nafasi. Hiyo "acha nafasi" iandike kwenye daftari lako kwa wino mwekundu.

Narita, Japani, uwanja ulifunguliwa Mei 1978, karibu kilomita 60 kutoka Tokyo. Walishapanga treni ya kasi ya Shinkansen ifike chini ya jengo la abiria, wakachimba mpaka na kituo, alafu mradi wa hiyo treni ukakwama kwa upinzani wa wenye ardhi na ukaachwa. Kampuni nyingine ya treni ilikuwa imeleta laini yake lakini stesheni iliishia pembeni, unashuka unapanda basi kumalizia. Miaka 13 watu wanashuka treni wanapanda basi mpaka ndani ya uwanja huku chini ya jengo kuna kituo kimekaa kitupu gizani. Mwaka 1991 ndo wakaamua kupitisha treni za kawaida kwenye lile shimo la Shinkansen. Kwahiyo kile kituo kilichoonekana hasara ndo kilichowaokoa, wasingekuwa wamekichimba mapema wangechimba chini ya jengo lenye watu.

Washington nao, uwanja wa Dulles ulifunguliwa 1962 na barabara yake ikaachiwa uwazi katikati kwa ajili ya usafiri wa umma wa baadaye. Metro imefika pale Novemba 2022. Miaka 60! Lakini ilipofika, ule uwazi barabarani uliwasubiri, hawakubomoa nyumba za watu kupitisha njia hapo.

Na Berlin ndo kinyume chake, kila mtu anaijua kwa kuchekesha. Handaki na kituo chini ya uwanja mpya vikakamilika, uwanja wenyewe ukaahirishwa wiki chache kabla ya kufunguliwa mwaka 2012, ukaja kufunguliwa Oktoba 2020. Miaka yote hiyo walikuwa wanaendesha treni tupu humo handakini kusukuma hewa ili pasiote ukungu. Treni inakwenda haina mtu, inasimama kituo hakina mtu, inarudi. Dereva alikuwa anajisikiaje sijui.

Kituo kikae wapi? Chini ya jengo la abiria au mlangoni kwake, mtu ashuke apande lifti aone kaunta za ndege. Zurich wamekuwa hivyo tangu 1980, unatoka treni unaingia uwanjani, dakika kama 10 tu kutoka stesheni kuu. Tena pale treni haiishii uwanjani, inapita na kuendelea na miji mingine, na hilo ndo jambo ambalo wanafunzi wengi mnalisahau. Uwanja ukiwa mwisho wa reli, treni inajaa upande mmoja na kurudi nusu. Uwanja ukiwa kituo cha kupita, treni ina biashara mbele na nyuma, na mtu wa mkoa wa mbali anakuja kupanda ndege bila kuingia mjini kwanza. Frankfurt na Schiphol, uwanja wa Amsterdam, wamefanya hivyo, na treni imechukua mpaka nafasi ya baadhi ya safari fupi za ndege.

Kuhusu vitreni vidogo vya kuunganisha, vile vya kukutoa kituo cha metro mpaka uwanjani, navikubali kwa shingo upande. Paris, uwanja wa Orly, waliweka kitreni cha namna hiyo mwaka 1991 cha kampuni binafsi, abiria wakawa wachache mno kuliko makadirio, na kampuni haikudumu. Juni 2024 metro laini ya 14 ikafika Orly moja kwa moja kutoka katikati ya mji. Miaka 33 kugundua kwamba watu hawapendi kubadilisha treni wakiwa na mabegi, wangemuuliza Mama Masanduku angewaambia siku ile ile.

*

Ni kweli kuna mji unaweza kukabidhi begi lako mjini na kulikuta ulikokwenda? Au ni stori za vijiweni? Asiyeamini

Amini. Hong Kong, treni yao ya uwanjani ya 1998, unakwenda stesheni ya mjini na begi, unapewa kadi ya kupandia ndege hapo hapo, begi linachukuliwa, wewe unazurura mikono mitupu. Kuala Lumpur nao wamewahi kufanya hivyo. Ila siyo kila mji utaweza, maana lazima mashirika ya ndege yakubali, pawe na behewa maalum la mizigo na ulinzi wa hilo begi kila hatua, na London walijaribu Paddington wakaacha. Mimi ningeanza na lifti.

*

Mzee wa Reli, kwetu wameitisha mkutano wa wadau kuhusu reli ya uwanja wa ndege. Tumealikwa wananchi. Nikienda niulize nini nisionekane mbumbumbu? Mjumbe

Nenda mapema ukae mbele. Waulize treni ya kwanza inafika uwanjani saa ngapi na ya mwisho inaondoka saa ngapi, wakikujibu "itazingatiwa" uliza tena. Waulize baada ya saa 3 usiku zitakuwa zinapita kila dakika ngapi, kwasababu watakutajia za saa za mchana tu. Waulize kama tiketi ni ile ile ya mabasi na treni nyingine za mji au unalipa upya ukibadilisha. Waulize kutoka jukwaa la treni mpaka kaunta za ndege ni mita ngapi za kutembea, ndani au kwenye jua, wataanza kupekua makaratasi hapo. Waulize makadirio ya abiria, wangapi ni wasafiri na wangapi ni wafanyakazi, na kama hawajawatenganisha basi hawajawahesabu. Waulize mkataba unasemaje abiria wakipungua, nani analipa, maana sentensi hiyo huwa iko ukurasa wa mbali sana kwa maandishi madogo.

Alafu watazima taa wawaonyeshe ile video, unaijua, treni nyeupe inang'aa, jua linazama, kijana ana kisanduku kimoja kidogo anatabasamu. Usiipigie makofi kwanza. Nyoosha mkono uwaombe wairudishe nyuma mpaka saa 10 alfajiri, tumuone Dada wa Zamu anapandia wapi.